Ng'ombe wa Mama na Jamhuri: Mafunzo Niliyopata Kortini Eldoret

Mama alipoibiwa ng'ombe wawili wa maziwa kwetu Kapseret, kazi ya kufuatilia iliniangukia mimi, kwa kuwa duka langu la dawa za mifugo na mbegu liko mjini, na kutoka hapo ni rahisi kukimbia kituoni au mahakamani. Ng'ombe mmoja alipatikana hai siku chache baadaye katika boma moja nje ya mji, pamoja na kijana aliyeshindwa kueleza alimpata wapi. Wa pili tulikuta ngozi tu. Kesi ikaenda zaidi ya mwaka. Mimi si wakili. Haya ni mambo ambayo mlalamikaji wa kawaida hukutana nayo bila mtu kumweleza, na nimeyaandika kwa mpangilio uleule yalivyonifika.

1. Ukimshika mwizi, mpeleke kwa polisi

Majirani walitangulia kufika kwenye boma lile kabla ya askari, na tairi lilikuwa limeshatolewa mahali. Aliyewazuia ni mzee wa Nyumba Kumi. Hakuwahubiria kuhusu utu, aliwaambia tu: "Mkimchoma huyu, kesho kizimbani mtasimama ninyi, na hao ng'ombe hatutajua walikopelekwa."

Alikuwa sahihi kisheria pia. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemkuta akitenda kosa kubwa, lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kuhusu umati, kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiungana kwa nia moja kutenda jambo haramu, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Aliyeleta tairi na aliyewasha kiberiti wanashtakiwa kwa mauaji yaleyale.

2. Kesi ya jinai haina mwenyewe isipokuwa Jamhuri

Siku ya kwanza mahakamani mama alitafuta jina lake kwenye hati ya mashtaka. Juu paliandikwa Jamhuri dhidi ya washtakiwa wawili: yule kijana na dereva wa pikapu iliyobeba ng'ombe. Jina la mama lilikuwa chini, kwenye orodha ya mashahidi.

"Kwani Jamhuri ndiyo iliyokuwa ikiwakamua?" akauliza.

Kiongozi wa mashtaka alicheka kwa adabu. "Mama, ng'ombe ni wako, kesi ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi wangu wa kwanza."

Hapo ndipo mambo mengi yaliponifungukia. Ukidaiwa pesa au ukigombania mpaka wa shamba, hiyo ni kesi ya madai: wewe ndiye unayefungua na wewe ndiye unayeweza kuifunga. Jinai huhesabiwa kuwa kosa dhidi ya wananchi wote, na tangu Katiba ya 2010, Kifungu cha 157, mwenye uamuzi wa kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Polisi huchunguza, ofisi yake hushtaki, hakimu huamua. Mlalamikaji hana kiti chake katika meza hiyo.

Tulilielewa vizuri zaidi pale familia ya kijana ilipokuja nyumbani na wazee, wakaahidi mtamba mmoja na pesa kidogo. Mama alikubali, kwake yeye mambo yalikuwa yameisha. Lakini wizi wa mifugo ni kosa kubwa, na hata mlalamikaji akisamehe, mashtaka hayaondolewi mpaka mahakama iridhie. Katiba, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze mapatano na njia za jadi za kutatua migogoro, na yapo yaliyowahi kukubaliwa: mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa desturi zao na fidia ya ngamia na mbuzi kulipwa. Uamuzi ule ulizua mabishano makubwa miongoni mwa mawakili, na binafsi sijui kama ningependa uwe kawaida. Sisi ombi letu halikukubaliwa. Mtamba alibaki kwao.

Na kwa sababu kesi ni kati ya Jamhuri na mtu aliye hai, mshtakiwa akifa nayo hufa. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alifariki hapa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, baada ya kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Siku chache baadaye mwanamume ambaye polisi walisema ndiye mshukiwa alifia hospitali hiyohiyo kwa majeraha ya moto uleule. Mlango wa mahakama ya jinai ukafungwa pale.

3. Dhamana si hukumu

Kijana alikamatwa Ijumaa jioni, akafikishwa mbele ya hakimu Jumatatu. Kijijini wakasema polisi wamevunja sheria ya saa 24. Hawakuvunja. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haifanyi kazi, anapelekwa siku ya kazi inayofuata.

Jumatatu hiyohiyo hakimu akataja masharti ya dhamana, na maneno yakafika Kapseret kabla yetu: wameachiliwa, hakimu amekula kitu. Nilichoka kueleza. Kabla ya 2010 makosa kama mauaji na wizi wa mabavu hayakuwa na dhamana. Katiba mpya iliifanya dhamana kuwa haki ya kila mshtakiwa, kwa masharti yasiyo ya kupita kiasi, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito ya kumnyima: kwamba atatoroka, atavuruga mashahidi, au maisha yake mwenyewe yamo hatarini. Watu wa huku waliliona hilo kwa uchungu katika kesi ya kifo cha Agnes Tirop, bingwa wa mbio aliyeuawa Iten Oktoba 2021. Mumewe, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo na akakana, alipewa dhamana ya shilingi 400,000 na Mahakama Kuu ya Eldoret Novemba 2023. Wengi walikasirika, na nawaelewa, ila dhamana ina kazi moja tu, kuhakikisha mshtakiwa anarudi siku ya kesi. Pesa zake hurudishwa kesi ikiisha kama amehudhuria.

Dereva alipata mdhamini siku hiyohiyo. Kijana hakuwa na mtu mwenye hati ya shamba wala gari, akarudi rumande akakaa miezi. Hilo la tajiri kutoka na maskini kubaki kwa kosa lilelile, sheria haijalipatia dawa.

4. Ng'ombe akiibwa anageuka kielelezo

Aliyepatikana alifungwa kwenye mkaratusi nyuma ya kituo kimoja cha polisi. Ni Ayrshire, mwekundu mwenye mabaka meupe, na alikuwa amezaa juzijuzi. Ndama alikuwa nyumbani. Kufika jioni kiwele kilikuwa kimejaa kikawa kigumu, naye akawa anapiga mateke kila anayemkaribia. Askari wa zamu, kijana aliyesema kwao ni Kwale na hajawahi kukamua chochote, alikuwa amesimama mbali na daftari lake. Mama akaomba ndoo. Akachuchumaa, mimi nikimulika kwa simu, akamnong'oneza ng'ombe wake kwa Kinandi, akamkamua kielelezo cha Jamhuri mpaka akatulia. Maziwa yakaingia kwenye chai ya zamu ya usiku, na sikuuliza kama nayo yangeandikwa kwenye daftari.

Mnyama hawezi kukaa kituoni mpaka kesi iishe. Hupigwa picha na askari, mahakama ikatoa amri, mwenyewe akarudishiwa mali yake, na picha ndizo zinazoletwa kama kielelezo. Lakini picha pekee hazishindi kesi. Mashtaka yetu yaliegemea kanuni inayotumika sana Kenya: mtu akikutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni, na ikathibitishwa kwamba imekutwa kwake, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa kwa mlalamikaji huyo, na kwamba ni juzi tu, basi anatakiwa atoe maelezo yanayoingia akilini; asipotoa, mahakama inaweza kuchukua kwamba yeye ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Jambo moja kati ya hayo manne likikosekana, kanuni nzima inaanguka.

Wakili wa utetezi akalenga hapohapo. Askari aliyeandika maelezo alikuwa ameandika "ng'ombe mwekundu", basi, mabaka hakuyataja. "Shahidi, Uasin Gishu nzima ina ng'ombe wekundu wangapi?" Kilichotuokoa ni kadi ya daktari aliyempandisha mbegu, yenye nambari ileile iliyokuwa kwenye hereni ya sikio. Tangu siku hiyo mtu akija dukani kununua dawa ya kupe namuuliza kama ng'ombe wake wana hereni na kama anazo picha zao za pande zote mbili. Wengine hudhani nawauzia hereni. Nawauzia, ndiyo, ila maana yangu ni nyingine.

5. Mkono peke yake hauna kosa

Dereva wa pikapu hakubisha kwamba alibeba ng'ombe usiku. Alisema alipigiwa simu, akatumiwa pesa kwa M-Pesa, akaambiwa mnyama amenunuliwa. Mama alimtazama akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna mtu anayenunua ng'ombe saa nane za usiku. Nami niliamini hivyo. Hata leo naamini.

Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi wake, hakimu aliamua kwamba kijana ana kesi ya kujibu na dereva hana, akamwachilia dereva hapohapo. Makosa mengi ya jinai huhitaji vitu viwili vikutane: kitendo, na nia au ujuzi ulio nyuma ya kitendo hicho. Kitendo cha dereva kilijulikana. Kwamba alijua ng'ombe ni wa wizi, hakuna shahidi aliyelionyesha. Tulikuwa na shaka juu yake, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba shaka, hata iwe kubwa namna gani, si ushahidi.

Baadaye nilisoma Kanuni ya Adhabu nikaona mstari ambao wengi huuchanganya. Kifungu cha 7 kinasema kutojua sheria si kinga. Kifungu cha 10 kinasema anayetenda jambo kwa kuamini, kwa dhati na kwa sababu inayokubalika, hali ambayo kumbe siyo, hupimwa kwa hali aliyoiamini. Dereva hawezi kusema hakujua kwamba kupokea mali ya wizi ni hatia. Anaweza kusema hakujua kuwa ile ni mali ya wizi.

Nia ndiyo pia inayotenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kifungu cha 203 kinataka dhamira mbaya. Isipokuwepo, kosa huwa la kifungu cha 202, ambalo mwisho wake ni kifungo cha maisha. Na kwa sababu ya nia hiyohiyo mtoto mdogo hashtakiwi: Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12.

6. "Ni kweli" ni neno la hatari

Asubuhi za kusoma mashtaka niliona vijana wengi wakisema "ni kweli" ili mambo yaishe haraka. Mahakama inatakiwa imsomee mtu shtaka kwa lugha anayoielewa, imsomee pia maelezo ya tukio, kisha imuulize tena kama anayakubali. Akisita au akaongeza "lakini", hakimu mwangalifu anaandika kwamba amekana. Mkalimani ni bure. Mama alitoa ushahidi wake wote kwa Kinandi na karani akautafsiri. Mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya tangu anapokamatwa hadi mwisho wa kesi, na kimya chake hakipaswi kugeuzwa ushahidi dhidi yake.

7. Jamhuri ndiyo inayobeba mzigo, na mzigo ni mzito

Ukiishi Eldoret huwezi kuzungumzia kanuni hii bila kufika Kiambaa. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa lililojaa watu waliokimbia makwao lilichomwa moto huko Kiambaa, nje kidogo ya mji. Watu wapatao 35 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Wanaume wanne walishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Nakuru. Aprili 2009 Jaji David Maraga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2016, aliwaachilia wote wanne. Alilaumu uchunguzi wa polisi kwa udhaifu wake, na akaona ushahidi uliokuwepo haukufikia kiwango.

Kiwango chenyewe ni kuthibitisha bila kuacha shaka yenye msingi. Katika kesi ya madai inatosha mizani iegemee upande wako hata kidogo. Katika jinai haitoshi, kwa kuwa mwisho wake ni jela. Mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 50 cha Katiba yetu kimeliandika hilo, na mahakama za Uingereza zililiweka wazi mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington. Hatakiwi kuthibitisha kwamba hakutenda.

Nimekaa na watu waliopoteza jamaa zao Kiambaa. Kuwaambia kwamba sheria ilifuatwa si faraja yoyote, na sijawahi kujaribu. Ila ukiusoma uamuzi ule kwa utulivu unaona kosa liko wapi: jaji hana uwezo wa kuziba kwa kalamu yake pengo ambalo wachunguzi waliliacha. Kama haki ilipotea, ilipotea miezi mingi kabla kesi haijafika mbele yake, pale mashahidi walipokuwa wakiandikisha maelezo. Ndiyo maana lile neno "mwekundu" la askari wetu lilinikosesha usingizi.

8. Kutoka kizimbani kuna namna tatu, na hazilingani

Aliyeachiliwa baada ya mahakama kusikiliza ushahidi na kumwona hana hatia, au hana kesi ya kujibu kama dereva wetu, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, isipokuwa upande wa mashtaka ukate rufaa na ushinde. Aliyeondolewa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Kanuni ya Utaratibu wa Jinai, kabla hajatakiwa kujitetea, anaweza kukamatwa tena kesho yake. Na aliye nje kwa dhamana bado ni mshtakiwa.

Tofauti hiyo ilizungumzwa sana katika vibanda vya chai vya mji huu tarehe 5 Aprili 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipokatisha kesi ya William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, na mtangazaji Joshua arap Sang. Wengi walishangilia kwamba wameshinda. Majaji wawili kati ya watatu waliamua kesi isiendelee, lakini hawakutamka kwamba washtakiwa hawana hatia, na mlango wa kushtakiwa upya uliachwa wazi kisheria. Siku ile nilisikia watu wazima wakigombana kuhusu jambo hilo, na nusu yao hawakuwa wamesikia chochote zaidi ya honi za magari.

9. Idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye sheria ni dari

Kifungu cha 278 kinaweka adhabu ya wizi wa mifugo hadi miaka 14. Mama alidhani 14 ndiyo bei. Kumbe hakimu huanzia chini ya dari hiyo, akiangalia ripoti ya afisa wa uangalizi, umri wa mtu, kama ni kosa la kwanza, na muda aliokaa rumande, ambao lazima uzingatiwe. Kijana wetu alipata miaka mitatu.

Hata kifo hakikubaki kuwa lazima. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo unahusu kosa la mauaji peke yake. Matunda yake yanaonekana hapa kwetu. Waliopatikana na hatia ya kumuua mwanariadha Benjamin Kiplagat, aliyedungwa kisu Eldoret mwishoni mwa 2023, walifungwa miaka 35 kila mmoja. Aliyemuua Edwin Chiloba, ambaye maiti yake ilipatikana ndani ya sanduku la chuma Januari 2023, alifungwa miaka 50. Hukumu zote mbili zilitolewa na Mahakama Kuu ya Eldoret mwaka 2024.

Na ng'ombe aliyechinjwa? Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, lakini kwetu haikuamuru, na kijana hakuwa na kitu cha kulipa. Kudai thamani yake kungekuwa kesi nyingine, ya madai, ya mama mwenyewe bila Jamhuri. Alikataa. Alisema amepanda ngazi za korti za kumtosha.

10. Kesi nyingi huangukia kwa shahidi

Mara kadhaa nilisikia kesi za watu wengine zikitupwa kwa kuwa mlalamikaji au shahidi hakufika, mara nyingine baada ya kuahirishwa tena na tena. Anayeitwa kwa wito wa mahakama akakaidi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, ingawa wengi hawajui hivyo. Kwa hiyo ukiitwa, nenda. Beba kitambulisho. Weka nambari yako ya OB mahali utakapoiona. Fika mapema umtafute kiongozi wa mashtaka, umwombe maelezo uliyoandikisha polisi uyasome kabla ya kuingia, kwa maana wakili wa upande wa pili ameshayasoma. Na hukumu isipokuridhisha, zungumza na ofisi ya mashtaka siku hiyohiyo: muda wa kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 14.